Urujuani wa Usambara ndani ya chupa

Kata jani moja la urujuani wa Usambara pamoja na kikonyo chake. Lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, ulifunike kwa mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga, kisha uliweke kivulini. Baada ya miezi miwili au mitatu utaona vijani vichanga vikichomoza pale kikonyo kilipozama, na kila kishada cha vijani hivyo ni mche wenye mizizi yake. Wapenda maua wa Ulaya na Marekani wamegawiana majani ya ua hili kizazi baada ya kizazi, kama sisi tunavyogawiana pingili za muhogo na marando ya viazi.

Sasa, kama jani moja mchangani latosha, maabara za kukuzia vipande vya mimea ndani ya chupa ni za nini? Swali hilo ni la haki, na ukilifuata hadi mwisho utaelewa kitu kikubwa zaidi ya ua hili. Utaelewa chupa inaweza kuufanyia nini mmea wa porini unaokaribia kutoweka, na nini haiwezi kuufanyia hata tukiwa na chupa milioni.

Kwanza tulijue ua lenyewe, maana ni letu. Porini linaota Tanzania na Kenya tu: Usambara, Nguru, Uluguru, Vilima vya Taita, na kwenye miamba ya chokaa ya Kilifi. Ni mmea mfupi usiozidi kiganja, wenye majani mazito yenye vinywele na maua ya zambarau yenye kidoa cha njano katikati. Hukaa kwenye nyufa za miamba yenye ukoga wa kijani, chini ya miti mikubwa, mahali ambapo jua halifiki moja kwa moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za Wajerumani, aliupeleka mmea huu kwa baba yake aliyekuwa Ujerumani. Baba akaukabidhi kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen kule Hannover, na mwaka 1893 Wendland akaupa mmea huo jina la Saintpaulia ionantha. Jina la kwanza ni la familia ya yule ofisa; la pili maana yake ni wenye maua kama ya urujuani. Kwa kweli si urujuani, ukoo wake ni mwingine kabisa, na mwaka 2015 wataalamu waliosoma vinasaba vyake waliuhamishia kwenye jenasi, yaani kundi la aina zilizo karibu, iitwayo Streptocarpus. Wajerumani wameendelea kuuita Usambaraveilchen, urujuani wa Usambara, na mimi nalipenda jina hilo kwa kuwa angalau linataja kwao.

Huko ng'ambo ukawa ua la dirishani kwa mamilioni. Huku kwao mambo ni mengine. Aina moja, Streptocarpus teitensis, inajulikana kutoka kilima kimoja tu, Mbololo, katika Vilima vya Taita. Nyingine, Streptocarpus rupicola, imeshikilia vipande vichache vya miamba ya chokaa nyuma ya pwani ya Kilifi. Mti mkubwa ukikatwa juu ya mwamba, jua linaingia, ukoga unakauka, na urujuani unakufa bila mtu yeyote kuung'oa.

Turudi kwenye jani. Mnyama akikatwa mguu, mguu ule hauzai mnyama mwingine. Mmea hauko hivyo. Seli ya ngozi ya jani, ambayo kazi yake ilikuwa kulikinga jani lisikauke, imebeba maagizo yote ya kutengeneza mmea mzima: mizizi, majani, maua na mbegu. Ikitengwa na mama yake na kupewa mazingira yanayofaa, inaweza kusahau kazi ya ngozi na kuanza upya. Gottlieb Haberlandt, mtaalamu wa mimea wa Austria, aliliandika wazo hili mwaka 1902, mwaka uleule ambao Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa mimea pale Amani, Usambara Mashariki. Alijaribu kwa mikono yake. Seli zake ziliishi kwa wiki kadhaa, zikanenepa, lakini hata moja haikugawanyika. Alikuwa sahihi, ila alikosa kiungo.

Sehemu ya kiungo hicho sisi watu wa pwani tunaijua tangu utotoni. Mwaka 1941, Johannes van Overbeek na wenzake nchini Marekani walikuwa wakijitahidi kukuza viini vichanga vya mmea wa mnanaha, yaani mimea mitoto iliyotolewa ndani ya mbegu, vikawafia. Walipotia maji ya nazi kwenye chakula cha viini hivyo, vikakua. Ukifikiri, haishangazi. Yale maji kazi yake ndani ya nazi ni kulea kiini mpaka kiweze kujitegemea. Ilichukua miaka mingi kutambua kilichokuwamo. Mwaka 1955 maabara ya Folke Skoog, Chuo Kikuu cha Wisconsin, ilipata kitu chenye nguvu kama hiyo mahali pasipotarajiwa kabisa, kwenye DNA ya shahawa za samaki aina ya heringi, wakakiita kinetini. Kundi zima la homoni za namna hii likaja kuitwa saitokinini, na maji ya dafu yanazo.

Homoni nyingine iliyo lazima ni oksini, ambayo mmea huitengeneza zaidi kwenye ncha zake changa. Mwaka 1957 Skoog na Carlos Miller walionyesha jinsi hizi mbili zinavyoshirikiana, na hadi leo kila anayeingia maabara ya namna hii huanzia hapo. Saitokinini ikizidi, kipande cha mmea hutoa machipukizi. Oksini ikizidi, hutoa mizizi. Zikikaribiana, hutoa bonge la seli lisilo na umbo, kama donge la unga uliokandwa ovyo. Vipimo vyenyewe ni vidogo mno: miligramu moja au pungufu katika lita nzima ya chakula. Ukikosea kwa kiasi cha punje chache za chumvi, unapata mizizi ulipotaka majani.

Chakula chenyewe kilikamilishwa mwaka 1962 na Toshio Murashige akiwa na Skoog huyohuyo, walipokuwa wakikuza tumbaku. Maabara nyingi bado hukitumia, zikiongeza hiki na kupunguza kile. Ni maji yenye chumvi za naitrojeni, potasiamu, fosforasi, kalisi, chuma na madini mengine kwa uchache, vitamini kidogo, na gramu 30 za sukari kwa lita. Sukari inashangaza wengi. Mmea si hujitengenezea sukari kwa mwanga wa jua? Ndiyo, ukiwa mzima. Kipande cha jani cha ukubwa wa ukucha, kilichofungiwa ndani ya chupa yenye hewa kidogo, hakina uwezo huo, kwa hiyo kinanyweshwa kama mtoto. Mchanganyiko hugandishwa kwa agari, ambayo hutokana na mwani. Si ule mwani ambao akina mama wa Paje na Jambiani hulima, kwani ule hutoa kitu kingine kiitwacho karajinani, ingawa ni ndugu wa karibu.

Sasa fikiria umeweka sufuria ya uji wenye sukari mahali pa joto. Nani atafika kwanza? Ukungu na bakteria. Hapa ndipo kazi nzima inapofanikiwa au kuanguka, na mimea ya porini hutesa kuliko ile ya bustani. Jani lililotoka msituni limekaa miezi chini ya matone ya mvua, vumbi la kinyesi cha ndege na mbegu za kila aina ya kuvu, na urujuani wetu una vinywele vinavyonasa uchafu wote huo. Jani huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni, huchovywa kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa sekunde chache, kisha hulowekwa kwenye jiki iliyozimuliwa kwa dakika kumi au kumi na tano, na mwisho husuuzwa mara tatu kwa maji yaliyochemshwa hadi hayana kiumbe hai. Jiki ikiwa nyepesi, ukungu unabaki. Ikiwa kali, jani linageuka jeupe na kufa. Hakuna kipimo kimoja kinachofaa mimea yote, na kwa mmea ambao umebaki mia moja tu duniani huna majani mengi ya kujaribia. Ndiyo maana wenye busara hujifunza kwanza kwa ndugu yake wa dukani, ndipo waguse wa msituni.

Chakula nacho hupikwa ndani ya chupa zake kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 za Selisiasi, dakika kumi na tano hadi ishirini. Ukataji hufanyika mbele ya kabati linalopuliza hewa iliyochujwa, visu na vibano vikipitishwa motoni kila mara. Mfanyakazi haongei. Hata hivyo kuna bakteria wanaoishi ndani ya mmea wenyewe, katikati ya seli, ambao jiki haiwafikii. Chupa inaonekana safi kwa mwezi mzima, halafu siku moja unaona utando wa maziwa chini ya kipande. Chupa hiyo hutupwa.

Zile zilizosalimika hukaa kwenye rafu zenye taa, joto la nyuzi kama 25, mwanga wa saa kumi na sita kwa siku. Baada ya wiki kadhaa uso wa kipande cha jani huanza kuota vipele vya kijani. Kwa urujuani vipele hivi huweza kutoka moja kwa moja kwenye seli za ngozi ya jani bila kupitia lile bonge lisilo na umbo, na hilo ni jambo jema, kwa kuwa seli zinazokaa muda mrefu katika hali ya bonge hukosea kunakili vinasaba vyao, na miche hutoka na kasoro.

Hapa sasa ndipo jibu la kwanza la swali letu. Jani la mchangani litakupa miche michache tu. Kwenye chupa, tuseme kila kishada kinagawanywa kuwa vitano kila baada ya wiki sita. Kimoja kinakuwa vitano, vitano vinakuwa 25. Ukimaliza mzunguko wa sita, wiki 36 tangu uanze, una miche 15,625 kutokana na kipande kimoja, yote ndani ya chumba kimoja. Zaidi ya hapo, si lazima kipande hicho kiwe kikubwa. Kwa mmea adimu, jambo hili lina uzito wa pekee: unaingia msituni, unachukua nusu ya jani, unamwacha mama mahali pake akiwa hai.

Kutoka kwenye chupa ni mtihani mwingine, na kwa maoni yangu haupewi heshima unayostahili. Mche uliolelewa ndani ya chupa una majani yenye nta nyembamba mno na matundu ya kupumulia yasiyojua kujifunga, kwa sababu haujawahi kuona hewa kavu. Mizizi yake haijawahi kutafuta maji. Umezoea sukari. Ukiutoa asubuhi ukauweka uwanjani, jioni umelala. Kwa hiyo mizizi huoshwa taratibu kuondoa agari yote, maana sukari iliyobaki itaita ukungu, na mche hupandwa kwenye udongo mwepesi uliochemshwa na kufunikwa kwa nailoni. Kila siku nailoni hufunuliwa kidogo zaidi, kwa wiki mbili, tatu, nne. Maabara inaweza kutoa miche elfu kumi kisha ikapoteza nusu kitaluni kwa sababu mtu aliharakisha.

Wakulima wetu wengi wameshaijua njia hii kupitia migomba. Kenya, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kimezalisha migomba ya namna hii kwa miaka mingi. Tanzania, kituo cha utafiti cha Mlingano, Muheza, chini kabisa ya milima ya Usambara, huzalisha miche ya mkonge kwa njia hiyohiyo. Mkulima huipenda miche ya chupa kwa sababu ni safi na inafanana: inazaa kwa wakati mmoja, kimo kimoja, na haikuja na magonjwa ya shamba la jirani.

Sifa hiyohiyo ya kufanana ndiyo inayonitia wasiwasi inapofika zamu ya mmea wa porini. Ile miche 15,625 niliyoihesabu si miche 15,625 kwa maana ambayo msitu unaielewa. Ni mmea mmoja uliorudiwa. Ugonjwa unaoweza kumuua mmoja unaweza kuwaua wote. Kiangazi asichokihimili mmoja, hakuna atakayekihimili. Msituni, urujuani hamsini kwenye mwamba mmoja ni watu hamsini tofauti: huyu anavumilia ukavu kidogo, yule anachelewa kutoa maua, wa tatu ana majani magumu ambayo konokono hawayapendi. Tofauti hizo ndizo akiba yao ya miaka ijayo.

Ushahidi wa jambo hili uko kwenye historia ya ua lenyewe. Aina nyingi sana za dukani zimetokana na msingi mwembamba. Kati ya miaka ya 1920 na 1930, kampuni ya Armacost and Royston ya Los Angeles ilipanda mbegu zilizotoka Ujerumani na Uingereza, ikachagua miche kumi iliyopendeza, na hiyo kumi ikawa mababu wa sehemu kubwa ya soko la Marekani. Leo ukihesabu vyungu vyote duniani utasema mmea huu haumo hatarini hata kidogo. Lakini vyungu hivyo havimwakilishi yule wa Mbololo wala yule wa Kilifi. Wingi wa dirishani haujaongeza hata ufa mmoja wenye ukoga kule Taita.

Je, basi chupa haifai? Inafaa sana, ila lazima ianze kwa namna nyingine. Badala ya kuchukua jani moja zuri na kulizidisha, unachukua kipande kutoka kwa kila mmea unaoweza kuufikia, kutoka kila mwamba, na kila kimoja kinapewa namba yake na chupa zake zisizochanganywa na za mwingine. Unazidisha kila ukoo kidogo, si mmoja kwa wingi. Bora zaidi ni kuanza na mbegu, kwa sababu kila mbegu ni mtu mpya. Tumba la urujuani, yaani kifuko cha mbegu kinachobaki baada ya ua, lina mbegu nyingi ndogo kama vumbi, ambazo msituni nyingi hupotea, na ndani ya chupa safi zinaweza kuota karibu zote. Kazi hii ni ya polepole, ina makaratasi mengi, na haipendezi kwenye picha kama rafu zilizojaa chupa zinazofanana. Ndiyo kazi yenyewe.

Mbegu zilizo kama vumbi zinanipeleka kwenye okidi, kwa kuwa huko chupa si chaguo tu, wakati mwingine ndiyo njia pekee. Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kwenye uwanda wa Kitulo ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, huota okidi za ardhini za aina nyingi: Disa, Satyrium, Habenaria. Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na sababu kubwa ilikuwa maua. Chini ya maua hayo kuna viazi vidogo ambavyo nchini Zambia huliwa sana. Hupondwa, huchanganywa na karanga na kupikwa kuwa andazi zito liitwalo chikanda. Watafiti waliochapisha makadirio yao mwaka 2003 walisema viazi vinavyovuka mpaka kila mwaka vinafikia mamilioni. Kuchimba kiazi ni kuuondoa mmea, si kama kuchuma jani. Wanaochimba wengi ni watu wa kipato kidogo wenye ada za shule za kulipa, na sheria peke yake haijawahi kuwalipia.

Mtu atasema: tuzilime. Tatizo ni kwamba mbegu ya okidi haina akiba ya chakula. Harage limebeba chakula chake. Mbegu ya okidi imebeba kiini tu. Mwanzoni mwa karne iliyopita Mfaransa Noël Bernard alionyesha kwamba porini huota pale tu kuvu fulani wa udongoni anapoingia ndani yake na kuilisha. Mwaka 1922 Lewis Knudson, Mmarekani, akaotesha mbegu za okidi kwenye chupa yenye sukari bila kuvu kabisa. Biashara ya okidi za maua ulimwenguni imesimama juu ya ugunduzi huo. Lakini okidi zinazong'ang'ania mitini, ambazo ndizo nyingi sokoni, ni rahisi kuliko hizi za ardhini. Hizi za Kitulo zina mbegu ngumu, hulala muda mrefu, hutaka baridi au giza, na zikishaota huchukua miaka kabla ya kutoa kiazi kinachofaa. Kuna njia ya pili ambayo naiona yenye tumaini zaidi: unamtoa yule kuvu kwenye mizizi ya okidi iliyo hai, unamlea kwenye agari yenye unga wa shayiri, kisha unapanda mbegu juu yake. Mche unaotoka hapo unakwenda udongoni ukiwa tayari na mlezi wake.

Yote haya yana gharama. Taa na viyoyozi hula umeme, na umeme ukikatika siku mbili wakati wa joto, kazi ya miezi inaweza kuoza. Ndiyo sababu watafiti wengi katika nchi zetu wamejaribu sukari ya dukani badala ya ile ya maabara, wanga wa muhogo badala ya agari, mwanga wa dirishani badala ya taa. Mara nyingi mimea haioni tofauti kubwa. Kuna pia suala la ruhusa: kuchukua mmea adimu msituni, hata jani, kunahitaji kibali, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, mkataba wa kimataifa, imeweka msingi kwamba nchi na jamii zilikotoka rasilimali hizo zipate sehemu ya faida. Urujuani uliondoka Tanga karibu miaka mia na ishirini kabla ya itifaki hiyo, na Usambara haikulipwa kitu. Linaniuma, na nadhani linapaswa kumuuma kila anayelipenda ua hili.

Miche iliyokomaa kitaluni hurudishwa mlimani mvua zinapoanza, kwenye nyufa zenye ukoga tayari, chini ya miti ambayo mtu amehakikisha haitakatwa. Kama miti hiyo haipo, miche hubaki kitaluni na kazi inakuwa ya kuongea na wanakijiji, na kupanda miti kwanza. Kila mche huandikwa namba ya mama yake na mwamba ulikopandwa. Halafu mtu hurudi baada ya mwezi, baada ya kiangazi cha kwanza, baada ya cha pili. Huhesabu waliobaki, hutazama kama maua yamefunga tumba. Kisha hupiga magoti na tochi mkononi, akitafuta juu ya ukoga vijani viwili visivyozidi kichwa cha kiberiti, mahali ambapo yeye hakupanda kitu.